Klasi za Diablo III: ni mpya, au ni zile zile zilizobadilishiwa nguo?

Swali la msomaji: "Shikamoo. Mimi na kaka yangu tulikua tukicheza Diablo II kwenye kompyuta moja, kwa zamu. Yeye daima na Necromancer wake, mchawi wa wafu, mimi nikibadilishabadilisha. Nilipohamia Diablo III yeye alikataa katakata. Anasema mle hakuna klasi mpya hata moja: Wizard ni Sorceress, Witch Doctor ni Necromancer aliyevaa kinyago, Demon Hunter ni Amazon aliyechanganywa na Assassin, Monk ameokotwa kwingine, na Barbarian hawakujisumbua hata kumpa jina jingine. Naona anakosea, lakini nikitaka kumjibu naishiwa maneno. Ana haki? Na nikifaulu kumshawishi ajaribu, aanze na klasi gani?"

Marahaba, mdogo wangu. Ukoo wa klasi hizo, yaani aina za mashujaa unaochagua kuwacheza katika gemu la Diablo la kupigana na mazimwi, kaka yako ameutaja sawasawa. Hukumu ndiyo iliyomponyoka, kwa sababu anapima jina na mavazi, na klasi ya mhusika haikai huko. Inakaa kwenye yale mambo ambayo mchezaji analazimika kuyaamua kila baada ya sekunde mbili tatu akiwa amezingirwa. Nipige au nikimbie? Nitumie nguvu zangu sasa au niziweke? Nahitaji kitu gani kitokee kwanza ndipo nianze kazi? Klasi mbili zikikuuliza maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, hiyo ni klasi moja, hata kama huyu amevaa chuma na yule amevaa manyoya. Zikikuuliza maswali tofauti ni klasi mbili, hata zikishiriki jina. Kwa kipimo hicho, klasi iliyogeuzwa zaidi kuliko zote katika Diablo III ni ile anayoidharau kupita zote: Barbarian. Nitafika huko.

Kwanza turudi nyuma kidogo, maana mashabiki wa Diablo II husahau kwamba gemu lao nalo ni mwendelezo. Diablo ya kwanza, iliyotoka ukingoni mwa 1996 na 1997, ilikuwa na klasi tatu: Warrior, Rogue na Sorcerer. Ukizikagua leo unashangaa zilivyokaribiana. Uchawi ulikuwa kwenye vitabu vilivyookotwa chini ya kanisa la Tristram, na kitabu hakikujali wewe ni nani mradi pointi zako za Magic zinatosha. Warrior akikipata cha Fireball, akavaa pete na mkufu wa kuongeza Magic, alirusha Fireball. Kilichowatenga ni dari walizowekewa: Warrior aliweza kupandisha Strength hadi 250 lakini Magic yake ikagota 50; Sorcerer alifika Magic 250 na Strength 45 basi. Juu ya hapo kila mmoja alizaliwa na ujuzi mmoja wake. Wa Warrior ulikuwa kukarabati silaha mwenyewe bila kumlipa mhunzi, na kila akikarabati, uimara wa juu wa silaha unapungua moja kwa moja, kwa hiyo wengi waliuacha na kwenda kwa mhunzi. Ndivyo upekee wa klasi ulivyokuwa wakati huo.

Mwendelezo wa Juni 2000, Diablo II, ndio uliovunja utaratibu huo. Klasi zikawa tano: Amazon, Necromancer, Barbarian, Sorceress na Paladin, mwaka uliofuata nyongeza ya Lord of Destruction ikaleta Assassin na Druid. Kila klasi ilipewa ujuzi 30 wa kwake peke yake, umepangwa kwenye kurasa tatu, na vitabu vya kuazimana vikaondoka. Na wale watatu wa zamani hawakustaafishwa kimyakimya. Warrior aliyemshinda Diablo, pepo mkuu ambaye gemu limeitwa kwa jina lake, kisha akajichomeka jiwe la roho kwenye paji la uso ndiye Dark Wanderer mnayemfuata nyuma tangu Act I, sura ya kwanza ya gemu. Rogue ni Blood Raven, yule mpiga upinde wa makaburini mnayekutana naye mapema kabisa. Sorcerer ni Summoner, aliyerukwa na akili kule Arcane Sanctuary. Yaani wahusika ambao watu waliwalea kwa miaka mitatu waligeuzwa kuwa maadui. Huo ulikuwa ujeuri mzuri sana wa kisanii, na nadhani hata kaka yako, aliyempiga Blood Raven mara zisizohesabika, huenda hajui kwamba alikuwa anampiga shujaa wa gemu lililotangulia. Ndugu Max na Erich Schaefer, ambao ni miongoni mwa waasisi wa Diablo, walishiriki baadaye kutengeneza Torchlight II ya 2012, na humo Alchemist, shujaa wa gemu la kwanza, ndiye mwovu mkuu wa la pili. Hila ile ile.

Sasa tuhuma zenyewe.

Wizard ni Sorceress? Kwa sehemu kubwa ndiyo, na hapo mpe kaka yako pointi yake bila ubishi. Hydra, Meteor, Blizzard, Frost Nova, Teleport, vyote vimerudi. Tofauti iko kwenye matumizi ya nguvu. Sorceress alitembea na mkanda uliojaa chupa za buluu za kurudisha mana, yaani nguvu ya uchawi, na akazinywa mfululizo. Wizard ana Arcane Power 100 inayojirudisha chapuchapu, na uchawi wake mdogo haumgharimu chochote. Teleport ya Sorceress haikuwa na muda wa kusubiri: ukiwa na mana unaruka, unaruka tena, unavuka jumba zima bila kugusa sakafu. Ya Wizard inabidi uisubiri kabla ya kuitumia tena, kwa hiyo watu huiweka kwa ajili ya kuokoa roho. Ni mabadiliko, lakini mtu aliyezoea Sorceress anakaa kwenye kiti cha Wizard na baada ya robo saa yuko nyumbani.

Witch Doctor ndiye mwenye kelele nyingi, na ana haki ya kuwa nazo, kwa sababu mavazi yake na kazi yake vinavutana pande mbili.

Tuanze na mavazi. Alionyeshwa Paris Juni 2008, siku ile ile gemu lilipotangazwa, pamoja na Barbarian. Kinyago, manyoya, mifupa, mgongo uliopinda. Ni mtu wa kabila la kubuni linaloitwa Umbaru, wa eneo la Teganze. Ana zombi, ambao simulizi zao zimetoka Haiti. Ana ujuzi unaoitwa Big Bad Voodoo. Ana bomba la kupulizia vishale vya sumu. Misitu ya kwao inaitwa Torajan, ilhali Watoraja halisi ni watu wa Sulawesi, Indonesia. Kila kilichowahi kuonekana kwenye sinema za zamani za Hollywood kuhusu "watu wa porini" kimesombwa na kurundikwa kwa mtu mmoja. Sisi wa huku tunaomjua mganga mwenye mizizi yake, ramli yake na foleni ya wagonjwa barazani, hatumwoni mganga yeyote hapo. Kaka yako angesema kwamba sura ya Witch Doctor haina ubunifu, ningemuunga mkono, na ningeongeza kwamba inachosha.

Lakini alichosema ni kwamba huyu ni Necromancer. Kwa kuwa ni klasi yake mwenyewe, mkalishe mbele ya skrini mtazame pamoja jinsi Necromancer wa Diablo II anavyoingia chumbani akiwa hana jeshi. Mazimwi kumi yako ndani. Maiti hakuna. Bila maiti kiunzi cha mifupa hakifufuki, wala Corpse Explosion haina cha kulipua. Kwa hiyo mwanzo ni wa kujikokota: golem, sanamu lililotiwa uhai, anatangulizwa akapigwe, laana inarushwa, zimwi la kwanza linauawa kwa tabu. Maiti ya kwanza ikianguka, hesabu inageuka. Inalipuka na kuua mawili, hayo mawili yanakuwa maiti, yanalipuka. Muda mfupi baadaye chumba kimefagiwa. Klasi nzima imejengwa juu ya kusubiri kifo cha kwanza, na mwenyewe amesimama nyuma muda wote, mlangoni.

Witch Doctor hangoji mtu afe. Mbwa wake zombi wanachomoza ardhini pasipo maiti yoyote. Anatupa kitungi kinachopasuka na kutoa buibui, anaachia vyura wa sumu warukeruke mbele yake, anaita popo wa moto. Viumbe hao wanaishi sekunde chache na kutoweka. Kiumbe ambacho kwa Necromancer ni askari wa kutunzwa, kwake ni risasi. Akitaka mlipuko, Sacrifice inalipua mbwa wake mwenyewe, kwa hiyo lazima ajiulize kama anaweza kuishi bila mbwa huyo kwa muda. Necromancer hajiulizi hilo, maana maiti anayoilipua ni ya adui. Halafu kuna Soul Harvest, na hii ndiyo inayoamua miguu yake iende wapi. Inavuna nguvu kutoka kwa maadui walio karibu naye, na kadiri wanavyokuwa wengi ndivyo mavuno yanavyoongezeka. Anayeitaka lazima aingie katikati ya kundi, pale pale ambapo kaka yako amefundishwa kwa miaka asikanyage. Anaingia, anavuna, anabonyeza Spirit Walk: mwili wake unabaki umesimama pale ukipigwa, roho inapita katikati ya mazimwi bila kuguswa na kutokea upande wa pili. Kuingia na kutoka, kuingia na kutoka. Ukimpa mchezo huo mtu aliyezoea kusimama mlangoni, anakufa mara kadhaa kabla hajaelewa kwamba hii ni kazi nyingine.

Ushahidi zaidi uliletwa na watengenezaji wenyewe Juni 2017, walipouza Necromancer kama nyongeza ya Diablo III, akiwa na nguvu yake inayoitwa Essence na ujuzi mzima wa kutumia maiti. Wako pamoja kwenye skrini ile ile ya kuchagua mhusika. Wacheze kwa zamu jioni moja na hutawachanganya.

Demon Hunter. Upinde na mitego vimetoka kwa Amazon na Assassin, hakuna ubishi. Ila tazama tufe la nguvu lililo chini ya skrini: limepasuliwa katikati, nusu nyekundu na nusu ya buluu. Nyekundu ni Hatred, ya kushambulia, na inarudi haraka. Buluu ni Discipline, ya kujiokoa. Ni 30 tu na inarudi pointi moja kwa sekunde. Kujirusha kwa Vault kunakula 8. Piga hesabu: unajirusha mara tatu mfululizo, mara ya nne huna kitu, na Smoke Screen uliyoitegemea nayo inachota kwenye akiba hiyo hiyo. Amazon hakuwahi kuishi hivyo. Mana yake ilikuwa moja. Akiimaliza anakunywa chupa anaendelea. Demon Hunter anaweza kuwa na mashambulizi tele huku hana hata hatua moja ya kukimbilia, na hali hiyo haikuwepo kwa klasi yoyote ya Diablo II. Kama unatafuta mfano mmoja wa kumwonyesha kaka yako kwamba kilichochanganywa kinaweza kuzaa kitu ambacho hakikuwepo kwa wazazi wote wawili, chukua huu.

Monk ameokotwa kwingine, kweli. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ilianza 1974 na klasi tatu, mpiganaji, mchawi na kasisi, na Monk akaongezwa kwenye kitabu cha nyongeza cha 1975. Hata ndani ya Diablo yenyewe si mgeni: nyongeza ya gemu la kwanza iitwayo Hellfire, ya 1997, iliyotengenezwa na kampuni nyingine, ilikuwa na Monk. Lakini kwa hoja hiyo Paladin naye ameokotwa, Druid ameokotwa, Assassin ameokotwa, wote wametoka kwenye vitabu vile vile vya miaka ya sabini. Klasi isiyo na mzazi sijawahi kuiona kwenye gemu la aina hii.

Ninachompendea Monk ni kitu kidogo ambacho watu wa Necromancer hawakitambui kwa sababu kimefichwa ndani ya ngumi. Kinaitwa Exploding Palm. Unampiga adui mmoja, anaanza kuvuja damu. Akifa akiwa bado anavuja, analipuka, na awali ukubwa wa mlipuko ulitegemea uhai aliokuwa nao alipokuwa mzima. Hiyo ni Corpse Explosion, imehama klasi. Katika kuhama imegeuzwa mpangilio: Necromancer anachagua kati ya maiti zilizokwisha kuanguka, Monk lazima amchague atakayekuwa maiti kabla hajafa, na amuue ndani ya muda, katikati ya wenzake. Ujuzi ule ule, swali jipya.

Sasa Barbarian. Barbarian wa Diablo II alitumia mana kama wengine wote, ingawa alikuwa nayo kidogo, na wachezaji wengi walimtafutia silaha yenye kuiba mana ili Whirlwind, pigo lake la kuzunguka, isimkatikie katikati. Akifika mlangoni akiwa amechoka, alifanya kama Sorceress: anasimama, anakunywa, anasubiri, anaingia akiwa amejaa. Ukiwa naye unaweza kuinuka ukachemsha chai ukarudi, hali yake ni nzuri zaidi kuliko ulivyomwacha.

Wa Diablo III ana Fury, na Fury inaanza sifuri. Inapanda akipiga na inapanda akipigwa. Akikaa bila vita inashuka mpaka iishe. Kwa hiyo kupumzika, ambako kwa klasi nyingine ni dawa, kwake ni hasara. Mwisho wa kila pambano ana nguvu kuliko mwanzo wake, na kundi lijalo asipolifikia upesi zinamwagika bure. Matokeo yake utayaona kwenye ramani: mchezaji wa Wizard anapita pembeni, anachungulia, mchezaji wa Barbarian anaruka kwa Leap kuingia kundi la pili kabla la kwanza halijaisha, na mtu anayemtazama anadhani ni papara, kumbe ni uchumi. Hata mpangilio wa ujuzi umebadilika, kwa kuwa lazima uwe na pigo la kukusanya na pigo la kutumia. Bash peke yake haimfikishi mbali, Hammer of the Ancients peke yake haipigiki.

Kwa uaminifu niseme kwamba Fury haikuzuka hewani. Kampuni iliyotengeneza Diablo III ilikuwa imekwisha mpa Warrior wa World of Warcraft, mwaka 2004, nguvu ya namna hiyo hiyo inayoitwa Rage. Ila kuichukua na kumpa mhusika aliyejulikana kwa miaka minane, huku jina na misuli vikiachwa vilivyo, kulihitaji moyo kuliko kubuni jina jipya. Hadithi yake nayo imesogea. Mlima Arreat, nyumbani kwake, uliharibiwa mwishoni mwa Lord of Destruction, na wale mashujaa watatu wa kale waliokuzuia kileleni, Talic, Korlic na Madawc, sasa anawaita wampiganie. Kaka yako aliwahi kuhangaika nao pale juu. Mwambie wamehamia upande huu.

Crusader, aliyeletwa Machi 2014 na Reaper of Souls, kaka yako hakumtaja, na amekosa kesi ambayo pengine angeshinda. Dini ni ile ile ya Zakarum, ngao ile ile, Blessed Hammer ile ile inayozunguka. Ana farasi wa kumtoa kwenye msongamano, na anaweza kushika silaha ya mikono miwili kwa mkono mmoja akibaki na ngao yake. Hata hivyo aura, zile nguvu zinazomzunguka na kuwasaidia wenzake, zilizomfanya Paladin awe mtu ambaye kila kikundi kilimtaka, zimepunguzwa zikawa jambo la pembeni. Huyo ni Paladin aliyenenepa.

Akikujibu kwamba angalau Diablo II ililinda upekee wa kila klasi, mkumbushe Oktoba 2003. Sasisho la 1.10 lilileta maneno mapya ya runi, yaani vijiwe vinavyopachikwa kwenye silaha au vazi kwa mpangilio maalumu. Ukipanga Jah, Ith na Ber kwenye vazi la kifuani unapata Enigma, na Enigma inampa mvaaji Teleport, awe nani awe nani. Neno jingine, Call to Arms, linampa Battle Orders, ule ukelele wa Barbarian unaoongeza uhai wa kikundi. Matokeo yakawa Paladin anayeruka chumba hadi chumba kwa uchawi wa Sorceress, amejipigia ukelele wa Barbarian, na nyundo zake za Blessed Hammer zikiua bila yeye kumgonga mtu. Wachezaji walimpenda mno, na mimi sikatai kwamba anafurahisha, lakini tusiseme kwamba ukuta kati ya klasi na klasi ulibomolewa na Diablo III. Ulipasuka miaka tisa kabla.

Kuna hoja moja ambayo kaka yako hakuisema na nadhani ndiyo inayomuuma. Katika Diablo II mhusika alipewa pointi 110 maisha yake yote, 98 za levo na 12 za kazi maalumu, na ujuzi mmoja ulimeza 20. Ukikosea, umekosea, ruhusa rasmi ya kufuta na kupanga upya ilikuja 2010. Kwa hiyo Necromancer wake wa sumu na Necromancer wa jirani mwenye jeshi la mifupa walikuwa watu wawili tofauti, na kila mmoja alikuwa na jasho la mwenyewe. Katika Diablo III Barbarian wote walio kwenye levo sawa wanaujua ujuzi ule ule. Unachagua sita wa kutumia, ukiwachoka unabadilisha hapo hapo bila gharama. Ukifika mwisho, mwenye kuamua ni seti ya nguo. Vaa seti ya Marauder kwa Demon Hunter, na mitambo yake ya Sentry inaanza kufyatua ujuzi wako kwa niaba yako. Ivue, na umekuwa mtu mwingine. Klasi zimetofautiana kuliko zamani, ila ndani ya klasi moja watu wamefanana, wanatofautishwa na kabati.

Naona mambo hayo mawili yamefungamana. Ukishaondoa uchaguzi wa kudumu, kitu pekee kinachobaki cha kumfanya mtu ajisikie yuko na mhusika mahususi ni jinsi mwili wake unavyofanya kazi. Ndiyo maana kila klasi ilibidi ipewe nguvu yake: Fury, Spirit, Arcane Power, Hatred na Discipline, na Witch Doctor peke yake akabaki na mana. Diablo II ilitosheka na mana kwa wote kwa sababu ilikuwa na uzito mahali pengine. Mtu anaweza kupenda uzito ule wa zamani na asiwe mjinga. Mimi mwenyewe kwa upande huo niko na kaka yako.

Diablo IV sitaigusa sana. Ilitoka Juni 2023 na majina matano ambayo mashabiki waliyajua yote, na Barbarian wake anabeba silaha nne kwa mpigo, kwa hiyo jina la zamani limebeba tena kazi mpya. Klasi mpya kwa jina, Spiritborn, ilikuja Oktoba 2024 kutoka misitu ya Nahantu, na roho nne za walinzi: jaguar, gorila, tai na tandu. Kimavazi ametendewa haki kuliko Witch Doctor alivyotendewa.

Aanze na nani? Usimpe Necromancer wa 2017, ingawa atamtaka. Atakaa kutwa akilinganisha kila fuvu na la zamani, na hataona kingine. Witch Doctor pia mwache, kwa sababu tayari ana jina la kumwita na atatafuta ushahidi wa kulithibitisha. Barbarian atamkera mpaka azoee kutosimama.

Mpe Monk. Kama mna konsoli ya michezo, Diablo III inaruhusu hadi watu wanne kwenye skrini moja, kwa hiyo mchukue wewe Crusader uwe unawakusanya maadui sehemu moja, yeye awe nyuma yako. Mwekee Exploding Palm kwenye kitufe kilicho karibu na kidole na umwambie jambo moja tu: ampige yule mkubwa wa kundi kwanza. Usitaje Corpse Explosion. Mkubwa akifa na kundi likalipuka naye, atalitaja mwenyewe, na hapo mtakuwa na cha kubishania chenye mifano.